Kundi Linaloingia Guniani

19 Februari

Mvua imeanza kabla hatujawa tayari, kama kawaida yake. Nimepanda maharagwe upande wa juu wa shamba. Upande wa chini bado ni matope. Paa linavuja mahali pale pale pa mwaka jana. Tangu mke wangu Drocella azikwe, hicho ndicho kitu pekee katika nyumba hii kinachorudi kwa wakati wake.

21 Februari

Suruali mbili, zipu moja.

23 Februari

Kataliko amefungua balo. Kila anapofungua balo la mitumba watu hujaa mbele ya duka lake, nami niko pale pale barazani na cherehani yangu, kwa hiyo naona yote bila kulipa kiingilio. Alikuwa ameagiza makoti. Hapa Masisi baridi ya asubuhi inauza makoti yenyewe, mwenye duka anapokea tu. Akakata kamba, akavuta turubai, akaingiza mkono mpaka begani kama daktari wa mifugo anayetafuta ndama, akatoa ng'ombe.

Ng'ombe wa manyoya, mkubwa kama paka. Akatoa wa pili, wa tatu. Balo zima ni ng'ombe: weusi, wekundu, weupe, wa kijivu, na kila mmoja ana kitambaa cha njano sikioni chenye jina la Kizungu, sawa na zile hereni walizokuwa wakipigwa ng'ombe wetu zamani, wakati malisho ya juu yalikuwa bado na ng'ombe wa kupigwa hereni.

"Kavugho!" Kataliko akamwita mke wake. "Kuja uone makoti yako!"

Kavugho alisoma kwa masista kule Butembo, hashangai haraka. Akamshika mmoja, akamgeuza tumbo juu. "Hii banaitaka nunursi. Kule Ulaya batoto banalala nayo."

"Na batoto ba hapa?"

"Ba hapa banalala na bandugu yao sita. Nafasi haiko."

Tulicheka mpaka mvua ikatufukuza. Kataliko hakucheka. Alibaki akiingiza mkono ndani ya balo, akitumaini kwamba chini kabisa, labda, kuna koti.

25 Februari

Kataliko anagawa nunursi mmoja kwa kila anayenunua gunia la chumvi, ili nafasi dukani ipatikane.

Zéphyrin amenunua chumvi. Zéphyrin ni rafiki yangu. Naandika hivyo kwa sababu kalamu haina haya kama mdomo. Alikuwa mtengeneza fromaji, yaani jibini. Mwaka juzi wenye bunduki walipanda malishoni wakashuka na ng'ombe wake wote, pamoja na bote za mpira za miguuni mwa mchungaji. Tangu hapo hana maziwa, lakini anaendelea kununua chumvi ya fromaji. Mkono una mazoea yake. Ni mrefu kupita nyumba yake: kila anapotoka hugonga kichwa kwenye mti wa juu wa mlango, na kila mara hushangaa.

Kati ya ng'ombe wote wa Kataliko alichagua mmoja, mweupe mwenye madoa meusi. Kitambaa cha sikioni kimeandikwa Alma. Akaja mpaka kwenye cherehani yangu, akavua kofia, akasimama kama mtu aliye mbele ya wakwe.

"Mbonigaba," akasema, "mimi nakupa ngombe."

Wanunuzi walicheka, naye alikuwa anacheka kwa macho. Lakini neno lile kwetu halina mzaha hata likisemwa kwa mzaha. Nikasimama, nikapiga makofi, nikamshukuru mbele ya watu, nikamsifu ng'ombe pembe zake, ambazo ni za sponji. Sheria yake kila mtu hapa anaijua. Ng'ombe uliyempa mtu huwezi kumwomba tena. Ukimwomba umetangaza kwamba urafiki umekufa. Na uliyepewa huwezi kumrudisha. Ukimrudisha umetangaza hilo hilo. Kitu kimoja tu kinarudi, nacho ni ndama. Ng'ombe akizaa, unakwenda mlangoni kwa aliyekupa, unamwambia: ng'ombe wako amezaa. Na tangu siku unapopewa, ukijikwaa au ukishtuka, unalitaja jina la aliyekupa.

Mchana sindano imenichoma kidole. "Zéphyrin alinipa ng'ombe!" nikapiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa akinunua sabuni alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni Zéphyrin amekuja kwangu, huku Kingi, na chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama desturi yake.

"Inalalaka wapi?" akauliza.

"Juu ya rafu, karibu na redio."

"Usiiache isikie habari. Maziwa itakauka."

2 Machi

Mvua. Maharagwe yametokeza vichwa, yakaona hali, yakasita.

8 Machi

Kanisani akina mama watatu wamebeba nunursi mgongoni. Padri alipobariki watoto, mkono wake ulipita juu ya ng'ombe wawili kabla hajatambua.

14 Machi

Mahari kwa Sebarenzi, anayemwoza binti yake wa kwanza. Nilishona nguo za bibi harusi, kwa hiyo nilialikwa, na nikapewa kiti karibu na mlango, kama wanavyowekwa washonaji na wajane.

Shida ilikuwa ng'ombe. Wako ng'ambo ya kilima, na ng'ambo ya kilima hakuna anayepita sasa. Upande wa bwana harusi uliongea sana, kama wanavyoongea watu wenye mikono mitupu. Mwishowe mjomba wao akafungua begi, akatoa nunursi mwekundu, akamsimamisha mezani kati ya chupa.

"Huyu anasimama pahali ya ule," akasema. "Siku njia itafunguka, ule atakuja, na huyu atatoka."

Sebarenzi akainuka, akamshika yule nunursi sikio, akasoma jina. Nilidhani atamtupa nje. Badala yake akaanza kumsifu, kwa sauti ile ya zamani ya kusifu ng'ombe, mwendo wake, mgongo wake, jinsi anavyofunga bonde akishuka kunywa maji. Wazee wawili walilia. Nilicheka peke yangu, na kucheka peke yako kwenye mahari ni kazi ngumu. Nikageuza kuwa kikohozi.

17 Machi

Leo hakuna anayecheka tena nunursi. Kataliko ameacha kuwagawa. Amewapanga juu, nyuma yake, mahali pa maziwa ya unga.

23 Machi

Sheria mpya zinaota haraka kuliko maharagwe yangu. Nunursi mwenye kitambaa sikioni ni ng'ombe. Aliyepoteza kitambaa ni yatima, hasimami mahali pa mtu yeyote. Wekundu wanapendwa kuliko weusi. Wa kijivu wanasemwa wana maziwa mengi. Hili la mwisho nimelisikia kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu mzima, mwenye akili, aliyewahi kukamua.

Watu wameanza kutoka Ngungu kwa miguu, siku nzima ya matope, kutafuta nunursi. Wa Lushebere, wale wa kambi ya waliokimbia vita, ndio wanaowashika vizuri kuliko wote. Wanawashika kwa mikono miwili.

29 Machi

Zéphyrin amepita dukani na gunia. Ndani mna nunursi wanane.

"Unafanya nini nao?" nikamuuliza.

"Sikia, Mbonigaba. Ya kweli iko na miguu ine, iko na mbio, na balikamata yote. Hii haiko na mguu hata moja ya kutembea. Lakini siku bunduki inalia, natia kundi yangu mu gunia, nakimbia nayo. Nani tena hapa anaweza kukimbia na kundi yake yote?"

Niliitafuta sehemu ya kucheka katika maneno hayo. Sikuipata. Hilo ndilo jambo baya la wazimu wa watu wenye akili: una milango mingi ya kuingilia.

Jioni hakuja. Alikuwa Lushebere, kubadilishana.

31 Machi

Sufuria kubwa ya shaba ya Zéphyrin, ile ya kupikia maziwa ya fromaji, iko dukani kwa Kavugho. Amebadilisha nayo nunursi watatu. Kavugho ameiweka chini ya mahali paa linapovuja. Siku nzima: ting, ting, ting. Mimi nashona, na mvua inapika fromaji yake.

5 Aprili

Pasaka. Nilipika maharagwe ya mwaka jana na viazi, nikaweka sahani mbili, kwa kuwa Pasaka Zéphyrin hula kwangu. Nilikula sahani moja nikaitazama nyingine. Baadaye nikaila na ile nyingine. Maombolezo yana mipaka.

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua, na mkono mmoja wa koti.

12 Aprili

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao ili nisikie sauti ya Valens, mwanangu aliye Kampala. Hupiga simu pale mtandao na kumbukumbu vinapokutana. Safari hii nilipiga mimi.

"Papa, huko kuko nini?"

"Ngombe imejaa."

"Zimerudi?" Sauti yake ilipanda, ikawa ya mtoto.

"Apana," nikasema. Kisha mtandao ukakatika, na sikujua kama alisikia.

Kushuka niliteleza nikakaa matopeni. "Zéphyrin alinipa ng'ombe!" Hakukuwa na mtu wa kucheka. Ukilitaja jina la mtu kwenye kilima kitupu, linarudi kwako bila yeye.

22 Aprili

Leo ndiyo siku ya kuandika kwa kirefu.

Nyuma ya duka la Kataliko kumefungwa mtamba. Wa kweli, mwekundu, mwenye pumzi. Alimpata kwa mtu aliyekuwa anahama. Watu walizunguka ukuta kumtazama, na wengine walinusa tu hewa, wakafumba macho.

Kataliko akasimama mlangoni akatangaza. Atakayemletea nunursi wa kila rangi, kundi kamili, kila sikio na kitambaa chake, atampa mtamba.

"Papa Kataliko, unapata nini mu hiyo?" mtu akauliza.

"Huyu anakula," Kataliko akasema, akionyesha nyuma. "Analia. Na sauti yake inafika mbali, kwa bantu ambao sitaki baisikie. Nunursi hailie. Na mwezi ujao, mutaona, Goma yote itakuja kutafuta kundi kamili."

Alikuwa anaamini. Mtu aliyeagiza makoti akapata ng'ombe, akatajirika nao, lazima aamini kwamba Mungu ana kusudi naye.

Kavugho akazitaja rangi, akikunja vidole. Mweusi. Mwekundu. Mweupe. Wa kijivu. Wa kahawia. "Na ya madoa," akamalizia.

Katika balo lile wa madoa alikuwa mmoja tu. Kila mtu barazani akageuka kunitazama mimi. Zéphyrin, aliyekuwa amesimama katikati yao na gunia lake, hakunitazama. Alitazama bote zake. Nilijua basi kwamba anao wa rangi zote nyingine.

Nikaendelea kushona. Nilishona mshono mrefu sana, ulionyooka, kwenye kitambaa ambacho hakikuhitaji mshono.

Hivi ndivyo ilivyo, naiandika ili niione. Yeye akimpata Alma, anapata mtamba. Mtamba akikua atazaa, atakuwa na maziwa, na Zéphyrin atakuwa tena Zéphyrin. Mimi simhitaji Alma kwa lolote. Anakaa karibu na redio. Lakini yeye hawezi kumwomba, kwa maana alinipa. Nami siwezi kumrudisha, kwa maana nilipokea. Akifungua mdomo, tumekwisha. Nikinyoosha mkono, tumekwisha. Tumejifunga kamba wenyewe, kwa mzaha, mbele ya mwenye duka.

Wangetuona watu wa mbali wangesema: si mdoli tu? Ndiyo, ni mdoli. Na neno ni upepo tu, lakini nyumba zote za hapa zimejengwa juu yake.

26 Aprili

Solange, binti wa Zéphyrin, ameleta blauzi ipunguzwe. Ni ile ile niliyoipunguza Januari. Ikipunguzwa tena itavaliwa na kidole.

"Papa Mbonigaba, muko bazima?" Macho yake yalikuwa yamefika kwenye rafu kabla ya miguu yake kuingia.

"Niko. Papa yako?"

"Iko. Anaangaliaka ule mutamba kila asubuyi. Anamupelekea majani."

"Alikutuma?"

"Apana!" Akashtuka kweli. "Akijua nilikuja atanifukuza. Alisema mutu akitaja ile ya madoa mu nyumba yake, atalala inje."

Nikampimia blauzi. Wote wawili tulikuwa tunamtazama Alma, naye anatutazama kwa vifungo vyake viwili vyeusi, kama hakimu aliyekwishakula rushwa ya pande zote.

"Papa," Solange akasema mlangoni, "hakuna mutu anaweza kusaidia?"

Nikamwambia blauzi itakuwa tayari kesho.

1 Mei

Sikukuu ya kazi. Nimefanya kazi.

3 Mei

Zéphyrin anapita barabarani chini ya shamba langu, namwona kofia. Nami nainama kupalilia mahali palipopaliliwa. Maharagwe yanachanua. Kavugho anasema mtu kutoka Ngungu amekosa rangi moja tu, hiyo yangu, na anakuja kunibembeleza. Nimemwambia Kavugho amwambie njia ni mbaya.

10 Mei

Nimepata akili, nikadhani ni akili kubwa.

Kuomba ni mwiko, kurudisha ni mwiko. Lakini kuiba? Juu ya kuiba desturi haijasema lolote la urafiki. Ng'ombe akiibiwa, aliyepewa hana kosa na aliyetoa hana kosa. Kwa hiyo leo asubuhi nilimweka Alma dirishani, upande wa barabara. Sikufunga mlango. Nikapita mbele ya nyumba ya Zéphyrin nikiongea kwa sauti na jirani, nikisema nakwenda misa, na baada ya misa nakwenda Lushebere, na sitarudi mpaka jua lishuke. Jirani aliniangalia, hajawahi kunisikia nikisema sentensi tatu mfululizo.

Misa ilikuwa ndefu. Mvua ikapiga katikati ya mahubiri, yenye upepo, ya kulala ubavu. Nilikaa Lushebere kwa watu nisiowajua vizuri mpaka wakaanza kuniuliza kama nina shida.

Niliporudi dirisha lilikuwa tupu. Moyo wangu ukafanya kitu ambacho sikukitarajia: haukufurahi. Nikaingia.

Alma alikuwa juu ya rafu yake, karibu na redio. Amekaushwa. Amefunikwa na taulo yangu ili paa lisimvujie, na kile kibakuli changu cha kukinga maji kimesogezwa mahali panapovuja kweli, si pale ninapokiweka mimi kwa uvivu. Sakafuni kulikuwa na alama ya bote, ya kushoto, yenye kiraka kisiginoni. Kile kiraka nilikibandika mimi.

Alikuja. Alisimama hapa na Alma mkononi, yaani mtamba mkononi. Akaona ng'ombe wa rafiki yake ananyeshewa.

Sijafuta alama ile.

12 Mei

Nimewaza juu ya ndama.

Kitu kimoja tu kinarudi, nacho ni ndama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani miezi yote hii kama mtu mwenye kiu aliyekalia kisima. Nitashona nunursi mwingine wa madoa. Huyo wangu mpya, asiye na kitambaa, atabaki kwenye rafu aitwe mama. Na Alma, mwenye kitambaa, nitampeleka kwa Zéphyrin niseme: huyu ndiye ndama. Atajua ninadanganya. Nitajua kwamba anajua. Lakini desturi itakuwa imeridhika, na Kataliko anachotaka ni sikio tu.

15 Mei

Mwili nimeukata kwenye bitana nyeupe ya koti. Madoa nimeyakata kwenye sketi nyeusi ya Drocella. Hakuwa akiipenda.

17 Mei

Masikio yananishinda. La kushoto limesimama, la kulia limelala kama linasikiliza chini ya ardhi. Nimechomwa kidole mara nyingi, na kila mara nimelitaja jina lake, ndani ya nyumba, kwa sauti.

18 Mei

Amekwisha. Si mzuri. Kesho jioni nakwenda.

19 Mei

Asubuhi njia ya Goma imefunguka. Lori limefika limejaa matope mpaka kwenye vioo, na dereva amesimama juu ya mzigo akipiga mluzi. Alishusha mabalo ya Kataliko barazani, karibu yaniangukie. Kataliko alikata kamba ya kwanza huku akiimba.

Weusi. Wekundu. Weupe. Akakata ya pili. Wa kijivu, wa kahawia. Akakata ya tatu, na humo wakamwagika wenye madoa, wote wenye madoa, balo zima, wakaviringika mpaka kwenye miguu ya cherehani yangu. Alma, Alma, Alma.

Dereva, ambaye hakujua yuko wapi, akasema: "Kule Goma bameijaza mpaka banauzia nayo sambusa. Unanunua sambusa mbili, unapewa ngombe."

Kavugho akamtazama mume wake. "Na makoti?" akauliza.

Zéphyrin alikuwa upande wa pili wa barabara, na fungu la majani ya mtamba begani. Akazunguka nyuma ya duka, akampa mtamba yale majani, akaenda zake.

20 Mei

Mtamba ameondolewa kabla ya saa ya duka, na Kataliko hamtaji. Nyuma ya ukuta kumebaki kamba na fungu la majani lililoliwa nusu.

25 Mei

Sebarenzi amemsimamisha mjomba wa bwana harusi sokoni. "Nunursi yako inasimama tena pahali ya nani?" "Papa, neno ni lile lile." "Neno njo lile lile. Ngombe njo alianguka." Watu walicheka. Ni kicheko cha kwanza hapa tangu Machi, na hakikuwa kizuri.

30 Mei

Matumizi ya nunursi niliyoyaona wiki hii: kuziba tundu la ukuta; kushikia sufuria ya moto; kufukuza ndege shambani, amefungwa kwenye kijiti; kukalia kwenye baiskeli. Mmoja wa kijivu anaelea mferejini, amelala chali. Mbwa wa Kavugho ana wake.

Kwa watoto wa Lushebere tu hakijabadilika kitu. Wanalala nao.

3 Juni

Mvua inaaga. Maharagwe yamekauka kwenye miti yake.

Zéphyrin hatoki. Solange anasema amelala, kisha anasema anaumwa, kisha anasema, "Papa Mbonigaba, anaona haya tu." Gunia liko chini ya kitanda chake. Nilimuuliza Solange kama amemtajia jina langu. Akasema: "Nilitaja. Aligeukia ukuta."

Dukani sufuria ya shaba haina tena mvua ya kukinga. Kavugho ameijaza mkaa.

7 Juni

Nimevuna upande wa juu peke yangu. Mwaka jana tulipigapiga maharagwe wawili, yeye na fimbo yake, mimi na yangu, kwa zamu, bila kusema. Fimbo moja haina mdundo. Ni kelele tu.

Nilipojichoma na mwiba leo nililitaja jina lake. Kisha nikawaza: labda kwake mimi sasa ni mmoja wa watu waliomwona na majani begani.

11 Juni

Wanyama wawili wa madoa wako kwenye rafu, Alma na huyu wa kwangu mwenye sikio la kulala. Nimewatazama jioni nzima, kwa kuwa redio haina betri.

Mwezi uliopita nilitaka kumdanganya: mama nimwite ndama, ndama nimwite mama, kwa sababu ya kitambaa cha njano. Sasa kitambaa hakisaidii kitu. Alma ana dada zake mia kwenye mfereji. Lakini huyu mwenye sikio baya hakutoka kwenye balo lolote. Alitoka kwa Alma, nilimtazama Alma nikamshona. Nimekaa mwezi mzima na ndama wa kweli ndani ya nyumba, sijui.

14 Juni

Jumapili. Jua. Vumbi la kwanza la kiangazi barabarani.

Sikwenda misa. Nilivaa koti langu la mazishi, nikavua kofia tangu nyumbani ili nisisahau, nikambeba ndama mkononi, wazi, bila mfuko. Watu waliokuwa wakitoka kanisani walinipisha. "Huyu bado anazo?" mmoja akasema. "Mwambie batamupa sambusa." Nikapita.

Mlango wa Zéphyrin ulikuwa umefungwa. Solange alikuwa uani anapepeta maharagwe. Akaniona, akaona nilichobeba, akaweka ungo chini polepole.

Nikasimama mbele ya mlango, mahali pa kusimama. Kwa kuwa nimekaa kimya msimu mzima, sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Zéphyrin! Ngombe yako imezaa."

Ndani kitanda kikalia. Solange akafunika mdomo, nami nikaanza kutazama njia ya kurudia.

Kisha sauti yake ikatoka kizani, nzito, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Dume ao jike?"

"Jike," nikasema. "Sikio moja limelala."

"Ya kulia?"

"Ya kulia."

"Ehe. Mama ya bibi yake ilikuwa vile." Nikasikia bote zikitafutwa chini ya kitanda. "Ngoja. Usimuachilie mu jua, iko mutoto. Ngoja, nakuja."

Akaja mbio. Mlango ukafunguka, na mti wa juu ukampiga kipaji cha uso, pale pale pa siku zote, kishindo ambacho hata majirani walikisikia. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akayumba.

"Mbonigaba alinipa ngombe!" akapiga kelele.